Umefunga?

Jumapili niliosha matangi ya maji, Khuwair,
juu ya paa la ghorofa ya sita,
nikiingia kwa tundu la mfuniko kama paka,
nikitoka na tope la mwaka mzima ndooni.
Riyali nane, na chai.
Jumatatu nilimbebea Shaji matairi.
Jumanne nilipaka rangi duka la mshona kanzu.
Jumatano nilikaa hospitalini na Bi Zuwena,
aliyeshuka Maskati nywele zishaanza mvi,
na Kiarabu chake mpaka leo hakijatoka jikoni.
Daktari anasema, nageuza. Bibi anasema, nageuza.
"Mwambie goti linaniuma kama deni."
Nikamwambia daktari: linamuuma usiku.
Deni sikulipatia neno.

Alhamisi hakuna aliyenipigia.

Nikahesabu. Kodi, salio la simu,
nusu ya petroli ya Yaarub, na kamba:
mita sabini, ya kijani,
niliyouziwa na Mjerumani aliyemaliza mkataba
kwa bei ya kunionea huruma.
Mama aliikuta sakafuni, akaigusa kwa kidole cha mguu.
"Hii nayo ya nini?"
Ya kazi, nikasema,
nikaenda kutawadha upesi
uongo usinikaukie mdomoni.

Ijumaa tuliondoka baada ya Alfajiri,
Yaarub akiendesha kwa mkono mmoja,
wa pili ukiwa na tende.
Nyuma ya Hamra mitende inakoma
na jiwe linaanza bila kupiga hodi.

Ukuta wetu unatazama mashariki.
Basi anayeupanda uso wake uko magharibi,
upande wa Kibla.
Sikupanga mimi. Niligundua siku moja nimekwama,
shavu kwenye jiwe,
goti la kulia likicheza kama cherehani,
nikajisikia nasoma Alhamdu,
si kwa uchamungu,
ila ndiyo niliyokuwa nayo karibu.

Ngamia wa kumfunga sina.
Nina fundo la nane. Yaarub hulivuta mara mbili,
nami nalivuta la tatu, witri.
"Umefunga?"
"Nimefunga."
Kwetu neno hilo ni saumu pia:
kujishika, na kungoja kuachiwa.

Karibu na juu pana mahali pa vidole viwili tu,
na kimojawapo changu
kilipasuliwa ukucha na mfuniko wa tangi.
Jumapili ilinifuata mpaka huku.
Nikaanguka.
Mita tatu, labda nne,
na katika mita hizo sikumkumbuka Mungu, wala Mama.
Nilikumbuka riyali nane.
Hili Yaarub hajui.
Kamba ikanidaka, nikaning'inia,
jiwe likanitazama kama karani aliyefunga dirisha.
"Tena?" akauliza kutoka chini.
Tena.
Sikufika hiyo mara ya pili pia.

Tukashuka kabla ya adhana.
Kwenye falaji, chini ya msikiti wa kijiji,
chaki ilinitoka viganjani kama maziwa
ikaenda zake kunywesha migomba ya watu.
Mtoto mmoja akaniangalia kucha, bado nyeupe pembeni.
"Wewe fundi rangi?" akauliza kwa Kiarabu.
"Jumanne, ndiyo."
Akaridhika.

Nilipoweka viganja kwenye zulia vilitetemeka.
Aliye ubavuni pangu huenda alidhani ni unyenyekevu.
Ulikuwa ukucha.
Na labda, chini kabisa ya ukucha,
palikuwa na kitu kingine; sikukichokoa.

Simu ilitikisika mfukoni
kabla ya salamu ya kushoto.
Nikamaliza. Nikakaa kidogo, nikahesabu kwa vidole
mpaka nikafika kile kibovu, nikakiruka.
Halafu nikaitoa nikasoma.
Matangi mawili, Jumapili, saa moja asubuhi.
Yako ndani sana, chini ya ardhi.
Kama una kamba, njoo nayo.