Nyota Ngapi

Mhariri alitaka maneno mia tatu
na idadi ya nyota, kabla ya saa sita.
Magazeti ya Nairobi yalikwisha tangulia:
moja lilisema "uhalisia wa kukata pumzi,"
jingine, "hatimaye tumepata kachero wetu."
Mimi niliionea Malindi, Barani,
ukumbi wa harusi wa Shekuwe,
shuka mbili zimeshonwa pamoja, zimetundikwa ukutani,
mshono ukimpitia stelingi puani
kila akigeuka kututazama.

"Kanzu ya Kuazima." Jina zuri, nikalipigia mstari.
Afisa apewa jina la Haji, kanzu, kofia ya vito,
aingia kwa wauza unga, ala nao, aswali safu yao,
amchumbia dada wa mkubwa wao,
na moyo waanza kumsaliti, kama ulivyokwisha kisia.
Nguzo ya Vasco imepigwa kutoka juu mara tano.
Risasi sikuhesabu.

Ukumbi ulihesabu mengine.
Haji, akifukuzwa, aliingia kichochoro cha Kibokoni
akatokea Mambrui.
"Na Sabaki kauvuka lini?" mtu akauliza gizani.
Mwingine akajibu, "Kaazima daraja,"
na watoto wa mbele wakagaagaa mikekani.
Jefwa, ambaye kila asubuhi hupanga foleni hospitali
anywe dawa yake mbele ya nesi,
hakucheka. Alisema tu, kama anayesahihisha hesabu:
"Watu wa filamu wafa upesi. Sisi twachukua miaka."
Niliandika hiyo. Sikujua nitaiweka wapi.

Kisha kanzu. Haji amesimama mlangoni kwa mkubwa,
kamera i nyuma yake,
na mgongoni mistari mitatu ya pasi
imenyooka kama ya gwaride.
Nyevu wa viazi karai akashindwa kujizuia:
"Jamani! Muuza unga gani asiione pasi ya kambini?
Huyo hata kwa kitumbua angeshikwa!"
Ukumbi ukapasuka. Nami nikaandika, haraka,
kwa furaha ya mtu aliyeokota kosa:
"mavazi, uzembe, pasi."

Taa zilipowashwa Bi Mwanakheri alikuwa akitafuta kiatu
chini ya viti. Nikamshikia simu imulike.
Hakuniuliza nimeionaje. Alisema:
"Wetu naye alikuwa nayo, ile mistari.
Mitatu. Kila Ijumaa.
Twaliiona, mwanangu. Twalidhani ni unadhifu."
Miezi saba alikula kwake, akisema anunua korosho.
Alimwita mama. Alimfundisha Famau kuendesha gari,
na gari hilohilo ndilo walilomkuta nalo
kule Lango Baya, alfajiri.
Hayo yote aliyasema kwa muda wa kufunga ukanda wa kiatu.
"Bomba la jikoni lilikuwa likivuja," akaongeza,
"akalitengeneza. Mpaka leo halivuji.
Hilo hawakulitia."

Nikakaa na daftari. Nikafuta "uzembe."
Nikaandika kuwa mavazi yamefanyiwa utafiti wa kina,
nikafuta na hiyo, maana aliyeshughulikia mavazi
nilimpigia simu, akacheka: "Mistari gani?"

Saa sita kasoro dakika nne nikatuma:
picha nzuri, jiografia mbovu,
Jefwa bila jina lake,
mwisho mrefu kuliko haja.
Bomba sikulitia, na mimi.
Mahali pa nyota nikaacha pengo.

Mhariri akaweka nne.