Uzito Ukae Wapi

Betri imekuja ndani ya gunia la mtama,
imeviringishwa kitenge kama mtoto mchanga.
Kilo kumi na moja na robo:
tumeipima kwenye mizani ya muuza samaki,
akatutoza shilingi mia mbili, harufu akatupa bure.

Nagudi, binti wa dada yangu, ndiye aliyeiunga,
seli moja moja, alizozinusuru
kwenye pikipiki za umeme zilizofia Kampala.
Kumi na tatu kwa mfululizo, asema,
nami naitikia kama mtu anayesomewa hesabu ya mahari.
Ninachojua ni hiki: ukizigusanisha nyaya hizi mbili
utaonana na babu ambaye hukuwahi kumkuta.

Swali la asubuhi hii ni dogo.
Tuifunge wapi?

Mimi nasema nyuma, chini ya keria.
Miaka kumi na minane kila kitu nimekifunga nyuma:
saruji kwa kupanda, matoke kwa kushuka,
mabati ya kanisa,
mara moja jeneza, tupu, la kwenda,
mara moja mke wangu na uchungu wake;
tuliondoka wawili, tukafika zahanati watatu.
Nyuma ndiko mzigo unakokaa. Nani asiyejua?

Nagudi hajibu. Anachukua chaki,
anauchora Wanale kwenye mlango wa bati,
anachora baiskeli inaupanda,
na gurudumu la mbele liko hewani
kama beberu anayetafuta ugomvi.
"Saruji nyuma, mota nyuma, betri nyuma.
Na mbele, Mjomba? Mbele unaweka nini? Sala?"

Nikacheka. Kisha sikucheka,
maana niliikumbuka kona ya Busamaga,
usukani ulivyokuwa mwepesi ghafla mikononi,
mfuko wa juu ulivyoniangukia ukanivunja kidole.
Hiki hapa. Mpaka leo kinatabiri mvua.

Basi, katikati. Ndani ya pembetatu ya fremu,
pale nilipozoea kuchomeka mwavuli na panga.
Tumekata chuma cha pembe, Khaukha analehemu
jicho moja limefumbwa, kwa sababu miwani ina ufa.
Tumetandika tyubu kuukuu, tabaka mbili,
betri isiumie kwenye barabara
ambayo mashimo yake tumeyapa majina.
Kifuniko ni debe la mafuta ya kupikia,
limepasuliwa, limekunjwa, ua la alizeti limebaki nje.
Tundu la waya tumelitoboa chini, si juu.
"Maji hayapandi," asema Nagudi, "mpaka yabebwe."

Panda ujaribu, akaniambia.
Goti la kulia likagonga debe: ngo.
Likazunguka tena: ngo.
"Wewe umepima kwa utepe," nikamwambia,
"mimi napima kwa goti."
Sasa akanyamaza yeye.
Tukafungua nati zote nane.

Chai imepoa. Khaukha anadai hela ya ufito wa pili.
Betri tumeisimamisha wima,
tumeisogeza vidole viwili mbele,
tumeibana kwa mikanda mitatu,
na mkanda wa tatu ni wa suruali yangu.

Goti limepita.
Kati yake na debe karatasi ingeingia,
kitambaa kisingeingia.

Nagudi anabonyeza swichi.
Kitaa cha kijani, kama punje ya choroko.
Nilisubiri kelele, na kelele haikuja;
nilisubiri moshi, Khaukha akakohoa tu.
Nashika usukani. Mbele kumekuwa kuzito,
kidogo, kama mtu anayekushika mkono sokoni
ili asikupoteze.

Kesho, mifuko miwili, mlima uleule.
Suruali nitaifunga kwa kamba ya katani.