Aliye Juu, Mngoje Chini

Sanduku limeandikwa: kuanzia miaka kumi.
Larysa ana tisa, mimi hamsini na sita.
Tukajumlisha, tukagawa kwa mbili,
tukajiona tumefaulu.

Mimi ni fundi wa mashine za kuvunia ngano.
Nimelala chini ya vyuma vizito kama nyumba
katika tambarare za Saskatchewan,
nikavifungua, nikavifunga, vikanguruma.
Leo bomba la karatasi, jepesi kuliko barua,
linanitoa jasho mezani jikoni,
na nje Februari imegandisha hata mlio wa mbwa.

Mapezi matatu, mbao laini kama mkate mkavu.
La kwanza nililivunja kwa kulishika tu.
"Mjomba," akasema, "hiyo si spana."

Gundi kidogo. Subiri. Gundi tena. Subiri.
Msasa, mpaka vidole vikasahau alama zake.
Rangi alichagua yeye, ya machungwa,
"ili tuione ikipotea."

Aprili, udongo ungali tope.
Alihesabu kwa Kiukraini, lugha ya bibi yake,
akakwama kwenye tatu, akabonyeza.
Fyuuu!
Ilipanda kama tusi.
Ikapinda, ikachungulia zizi la mzee Odegaard,
ikatema parachuti lililoyeyuka, limesokotana kama tambi,
ikarudi pua mbele
na kujichimbia kaburi la kina cha kiganja.

Tukaibeba kama ndege aliyegonga kioo.

Hapo ndipo kazi ilipoanza.
Maana kuunda ni kufuata maelekezo;
kuboresha ni kumhoji maiti.

Maelekezo yalitaka karatasi nne za kuzuia moto.
Mimi niliweka mbili.
Ubahili wangu ndio ulioyeyuka kule juu.

Uzi wa mpira ulikuwa mfupi, pua ilirudi kwa hasira
ikaupasua mdomo wa bomba.
Tulikata mpira mrefu kutoka suruali yangu ya baridi
(sasa inanivuka kiunoni, lakini hilo ni langu).
Puani tukashindilia udongo wa kuchezea, gramu sita,
ijue mbele ni wapi.
Pezi lililopinda nilitaka kulichonga palepale.
Larysa akalibandua.
Akakata jipya, nyuzi za mbao zikifuata ukingo wa mbele,
akalala shavu mezani, jicho moja limefumba,
kulipima unyoofu.

Tuliifunga kamba kiunoni, nikaizungusha uani
juu ya kichwa, duara baada ya duara,
kuona kama itaelekeza pua mbele bila kuyumba.
Bi. Odegaard akafunga pazia.

Juni niliharibu mimi.
Nilinunua injini kubwa. Nilitaka kuona mwisho wake.
Ikawa nukta, ikawa dhana,
upepo ukaichukua
hadi shamba la kanola, manjano mpaka upeo wa macho,
na sisi tunatafuta machungwa ndani ya manjano,
saa mbili, chavua mpaka kwenye kope.
Aliye juu mngoje chini, wanasema.
Hawasemi chini ipi.

Aliipata yeye. Hakunilaumu.
Jioni alitoboa parachuti katikati,
tundu la ukubwa wa sarafu, ili lishuke upesi,
na dukani akaipita rafu ya injini kubwa
bila kuitazama.
"Nataka ile nitakayoiona yote."

Jumamosi haikufika hata maradufu ya ghala la nafaka.
Ilisimama, ikafikiri,
ikafunguka, ikashuka ikijizungusha taratibu
huku nikirudi kinyumenyume, mikono nimeinyosha,
na ikanikwepa, ikatua juu ya boneti ya gari langu.
Mkwaruzo, urefu wa kidole.
Nina rangi yake gereji. Bado sijaigusa.

Larysa amekwisha kulitikisa pezi.
"Hili limelegea, mjomba. Lete gundi."