Subiri Sekunde Moja

Maabara ya Makorora, saa nane mchana.
Kompyuta sita, watoto ishirini na tisa,
feni moja inayozunguka kwa hisani.
Vipande vya rangi vinapachikwa kimoja chini ya kingine,
matofali yasiyodai saruji:
rudia daima,
washa,
subiri sekunde moja,
zima.

Taa ya Mwanahija haipepesi jicho.
Imekodoa tu, nyekundu,
juu ya kibao kidogo kama kiberiti.
Nabadili waya. Nabadili betri.
Zahoro Shemdoe keshatoa hukumu: “Imekufa, madamu.”
Taa iliyokufa haiwaki, Zahoro.

Mwanahija kashika tama.
Kidole chake kinapita kwenye kioo, juu, chini, juu tena,
kama cha mtu anayechagua chuya kwenye ungo.
“Inazimika,” anasema. “Kila mara inazimika.
Ila hatujaipa muda wa kukaa gizani.”

Akavuta subiri ya pili, akaibandika chini ya zima.

Taa ikafumba.
Ikafumbua.
Ikafumba.
Darasa likalipuka kwa kelele
hadi Mwalimu Mhina wa Jiografia akachungulia dirishani,
chaki sikioni, kutaka kujua nani kaumia.

Hakuna aliyeumia, nikamwambia.
Bisibisi ilikuwa bado mkononi mwangu.

Mama tulimzika Ijumaa, kule Pongwe.
Jumatatu, saa moja kasorobo,
nilikuwa zamu getini
nahesabu waliochelewa.