Mwisho Kabisa Tatu

Niliianza shahada ya udaktari ya Baba Mwaluvanda
saa nne na robo asubuhi, Tabata Relini,
umeme ukikatika mara mbili katikati.
Kufikia adhuhuri alikuwa amehitimu.

Alisimama nyuma ya kiti changu, koti mkononi,
akinielekeza kwa upole, kama mtu kwa kinyozi:
"Ongeza utepe. Hapana, mwekundu.
Hizo herufi zipe mikia."
Nikazipa mikia.
Nikamuuliza chuo chenyewe kiko nchi gani.
Akaitazama feni.
"Weka ng'ambo," akasema. "Ng'ambo inatosha."

Nembo tuliitoa kwenye kopo la maziwa ya unga:
simba yule yule, nikamnyang'anya kijiko,
nikampa kitabu.
Msajili alisaini kwa mkono wangu wa kushoto,
makamu mkuu kwa wa kulia.
Faili nikaliita Mwisho, kisha Mwisho Kabisa,
kisha, alipotaka na muhuri wa dhahabu, Mwisho Kabisa Tatu.
Elfu kumi na nane, pamoja na laminesheni.
Akaomba nipunguze, maana ni kazi ya Bwana.
Nikapunguza tatu.

Haukupita mwaka, bango likasimama Kimara,
juu ya ghala lililokuwa la saruji:
Chuo cha Theolojia na Uongozi.
Mwanzilishi na Mkuu: Dakta, Dakta.
Mara mbili.
Ya pili sijui aliisomea steshenari gani.
Niliona wivu kidogo, nakiri.

Nilicheka nalo wiki nzima, mimi na mashine ya fotokopi.
Nilidhani la kuvunda halina ubani.
Kumbe linao, na unalipiwa kwa awamu.

Kisha mama akajiandikisha.

Tusekile, muuza mihogo ya kukaanga,
aliyeishia darasa la nne ili kaka yake aendelee,
kila Jumanne na Alhamisi
na daftari kifuani kama mtoto anayenyonya.
Aliwasoma Warumi kwa kidole,
neno, neno, akirudi nyuma
kama aliyedondosha sarafu njiani.
Usiku mmoja akaniuliza, mafuta bado yananuka mikononi:
"Hapa wanasema mtu amehesabiwa haki.
Anayehesabu ni nani?
Na akikosea hesabu?"
Nimechapa madaktari saba.
Hakuna aliyewahi kuuliza.

Nilitaka kumwambia.
Mara ya kwanza alikuwa ametoka kulipa ada.
Mara ya pili alikuwa anaimba.

Mahafali, ukumbi wa kukodi, Sinza.
Joho lilimbana mabegani, kofia ikateleza juu ya kilemba.
Alipopokea cheti alipiga goti,
na juu ya mgongo wake ulioinama
macho ya Dakta yakakutana na yangu.
Hakushtuka.
Aliniinamishia kichwa kidogo tu,
kama mwanafunzi anavyomsalimu mwalimu wake.

Sasa kiko ukutani, juu ya jokofu.
Mikia ni yangu. Simba ni wangu.
Juzi mama alikuwa anakipangusa vumbi, akasita,
akasogeza miwani:
"Hiki kijiti kinachochungulia chini ya kitabu ni nini?"

Kijiko. Mpini wa kijiko nilisahau kuufuta.

"Fimbo, mama," nikasema. "Fimbo ya Musa."

Akaguna, kama mtu aliyepewa kitu kizito,
akaenda kutafuta daftari.