Daftari la Ardith

Geti lake lina mnyororo, mnyororo una kufuli,
na kufuli lina kutu iliyokwisha kuwa desturi.
Nilisimama nje, fomu kwapani,
kofia ya jimbo la Missouri kichwani, matope hadi fundoni,
nikamngoja Verlin Haskamp amalize kunitazama.

"Serikali," alisema, "ikishaingia shambani
huwa haijui mlango wa kutokea."

Nikamweleza. Ekari arobaini kando ya kijito,
mkataba wa miaka kumi; jimbo hulipa nusu ya mbegu,
hulipa dizeli, huleta kikosi cha kuchoma mwezi Machi.
Ardhi inabaki yako, hati inabaki yako,
na kwale akirudi, si wetu wala si wako.
Nilisema vizuri. Nimeyasema majikoni mengi.

Akanyoosha kidole kwenye ua wa miiba
uliokwisha kumeza theluthi ya malisho.
"Waridi mwitu. Mwaka hamsini na tatu
alikuja kijana kama wewe, kofia kama hiyo,
akampa baba yangu miche elfu moja, bure.
Boma la ndege, alimwambia.
Nimeikata miaka arobaini hii miiba.
Leo umekuja wewe, kunilipa niing'oe."

Chuo hakikunipa jibu la hilo.
Nilitazama viatu vyangu,
na mimi, mzaliwa wa Songea, niliyekuja huku juzi tu,
nikasema, "Ndiyo. Tulikuwa sisi."

Nadhani neno hilo ndilo lililofungua kufuli.

Jikoni alimimina kahawa nyepesi kama maji ya kusuuzia vikombe,
akatoa kwenye droo ya vijiko daftari lenye doa la siagi.
Mwandiko wa Ardith, marehemu mkewe:
keki ya tufaha, bei ya mayai,
na kila mwaka mstari mmoja.
*Kwale wa kwanza, tarehe nne Mei.*
*Kwale wa kwanza, tarehe tisa, wawili.*
*Tarehe ishirini, mbali sana, labda.*
Kisha mwaka tisini na tisa, na nukta.
Baada ya hapo ni keki tu.

Kwetu husema mali bila daftari huisha bila habari.
Hapa daftari lilikuwepo, habari zilikuwepo,
mali ikaisha vilevile, mbele ya mkono uliokuwa ukiandika.

Alitia sahihi kwa hasira, kwa kalamu ya bure ya benki.

Machi tukachoma. Upepo wa kusini, si mkali,
watu watano, mabomba ya maji mgongoni.
Zile nyasi ngeni, nzito kama zulia,
zisizomwachia kifaranga njia hata ya upana wa kidole,
zikalia kama mafuta kikaangoni.
Verlin alikaa juu ya trekta, hakuvua glavu.
Moto hauzai moto, huzaa majivu:
hivyo nilikuzwa nikiambiwa, na nilisadiki.
Mwezi Mei nikapiga magoti pale pale
nikaona majivu nayo yana uzazi:
nyasi za mashada zenye shina la buluu, kunde mwitu,
na kati ya shada na shada, udongo mtupu,
vichochoro vya kutosha miguu midogo.

Lakini miguu haikuja.
Mwaka wa kwanza, kwenye kisanduku cha idadi, niliandika sifuri.
Wa pili, sifuri.
Mkuu wangu aliniuliza kama huyu mzee bado ana faida.

Juni ya tatu, saa kumi na mbili asubuhi, simu.
"Nyamaza," alisema, nami sijasema kitu.
Nikajua amenyoosha mkono nje ya baraza:
upepo, kengele ya shingoni mwa mbwa,
lori likipita mbali barabarani.

"Umesikia?"

Kalamu yangu ilikuwa juu ya kisanduku.
"Sikusikia, Verlin."

"Si kitu," alisema. "Nimeshaandika mimi."

"Wapi?"

"Chini ya ile nukta."