Pale Sindano Inaporuka

Jina lao lilikuwa refu, mchwa wakala nusu.
Kwenye jalada zikabaki herufi nne: ORKE.
Basi tukawaita Orke, na Newala nzima,
yaani watu watano,
haikuwajua kwa jina jingine.

Santuri aliiacha Mfini wa mradi wa maji
siku alipofunga mizigo. Nilikuwa mpiga chapa wake.
Alinipa kikombe cha bati, stempu za barua,
na sahani ile nyeusi: isipigwe na jua, Somoe.
Maji yalipanda kutoka Mitema kwa pampu na kwa dua,
siku yanayotaka yenyewe.
Muziki ulipanda kwa betri ya Landrova
aliyoiazima Chitema bila kumwambia mtu.

Upande mmoja, wimbo mmoja.
Dakika ishirini na mbili; Mwalimu Mnali alihesabu kwa saa ya shule.
Zinaanza violini, nyingi,
kama korosho zinavyomiminwa kwenye sakafu ya ghala,
kisha gitaa linaingia bila hodi
na viatu vyake vya matope.

Nambole, mpiga ngoma za jandoni, alisema
yule wa ngoma ana haraka ya mtu anayedaiwa.
"Lakini kwaya ikiingia ananyamaza.
Anayejua kunyamaza, huyo kafundwa."
Chitema alikitetea kinanda kama shamba la urithi.
Mnali alitafsiri: ni habari za mfalme aliyepoteza kivuli.
Baadaye alikiri kwamba Kiingereza chake
kilikuwa cha barua za kuomba kazi.
Fidea hakuwa na maoni. Alilia kila mara, dakika ya tisa,
akajifuta kwa kanga, akauliza bei ya mbaazi.

Na dakika ya kumi na nne sindano inaruka.
Violini zinapanda, zinapanda,
zinaukwea ukingo wa Shimo la Mungu na ndoo kichwani,
halafu tak!
kwaya imeshafika. Haikupita njia yoyote.
Tulidhani ndivyo walivyotunga.
Mnali aliuita ujasiri.
Nambole alijaribu kuuiga kwenye ngoma, akavunja mti mmoja.

Miaka thelathini na kitu.

Juzi, arobaini ya Chitema,
mjukuu wake Shazili kaja kutoka Mtwara
na spika ndogo, kama kopo la maziwa.
"Bibi, nimewapata Orke wenu."
Jina lao kamili analo. Tukamkatalia asilitaje.

Ikapita ya tisa, Fidea na kanga yake.
Ikafika ya kumi na nne.
Haikuruka.
Palikuwa na zumari pale. Moja, peke yake,
inatembea taratibu dakika nzima na nusu,
inaileta kwaya kwa kuishika mkono.

"Nzuri mno," alisema Mnali,
kwa sauti ya mtu aliyesahihishiwa kazi mbele ya darasa.
Nambole alisimama, akavaa kofia.
"Hao si Orke. Orke hawaombi njia."
Fidea alikuwa analia tena, mahali papya,
na hakuuliza bei ya kitu.

Nilisema tulidhani. Hapana.
Zumari ile niliisikia mara mbili, ofisini,
kabla hawa wengine hawajaanza kuja.
Mara ya tatu nilikuwa peke yangu, usiku, nacheza,
na funguo za stoo zikaniponyoka mkononi.
Asubuhi Chitema aliuona mkwaruzo.
Akaufuta kwa ncha ya shati, kana kwamba ni vumbi,
akaweka sarafu juu ya mkono wa sindano, akasikiliza.
Jioni akawatangazia wenzetu:
"Subirini dakika ya kumi na nne.
Hawa jamaa wanaruka!"

Hakunitazama. Wala baadaye, hata siku moja.

Shazili anauliza, Bibi, ndiyo wenyewe au siyo?
Nambole keshafika barabarani, nasikia anapiga mluzi,
anapanda, anapanda,
tak.
Nimemwambia kijana azime, pilau linapoa.